Kununua nyumba Chicago miaka ya 1950: rehani au mkataba?
Mzungu aliyetaka nyumba alikwenda benki. Shirika la serikali la FHA, lililoundwa mwaka 1934, lilidhamini mkopo wake wa rehani, hivyo riba ilikuwa nafuu na marejesho yaligawanywa kwa miaka 20 au zaidi. Nyumba iliandikwa jina lake tangu mwanzo. Akikwama, aliweza kuiuza, akalipa deni na kubaki na chochote mfukoni.

Mmarekani Mweusi wa Lawndale, mtaa wa Chicago, hakuwa na mlango huo, maana FHA ilikwepa mitaa ya Weusi. Akaangukia kwa mlanguzi wa nyumba, aliyemuuzia kwa mkataba. Kwa haraka rehani na mkataba vilifanana: kianzio, kisha malipo ya kila mwezi. Ila hati ilibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Paa likivuja, gharama ni za mnunuzi. Akikosa mwezi mmoja, aliweza kufukuzwa na kupoteza vyote alivyolipa. Na bei! Mlanguzi aliweza kuuza maradufu ya alivyonunua. Mimi naona huo ni upangaji tu, tena wenye mizigo ya mwenye nyumba.

Mwaka 1968 wanunuzi wa Lawndale waliungana, wakagoma kulipa, na baadhi wakafaulu kubadilishiwa mikataba.