Kujifunza Kupanda Farasi kwa Upole: Tathmini ya Shule Moja Karibu na Golegã, Ureno

Kwa yeyote anayetafuta mahali pa kujifunza kupanda farasi kwa mtindo wa kale wa Ulaya, ule unaomtaka mpandaji atumie nguvu ndogo kadiri inavyowezekana, naandika kuhusu shule ndogo niliyosoma nje kidogo ya mji wa Golegã. Ni shule ya familia, hupokea wanafunzi wachache kwa wakati mmoja, na kwa kuwa nina malalamiko juu yake pamoja na sifa, jina lake sitalitaja.

Golegã uko katika tambarare za mto Tagus, kiasi cha kilomita 100 kaskazini mashariki mwa Lisbon. Kila Novemba, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, mji hujaa wafugaji na wapandaji waliokuja kwenye maonyesho ya kitaifa ya farasi. Ni vizuri kuyaona, lakini kwa masomo ni afadhali kuchagua mwezi mwingine, kwani vyumba huadimika na walimu huwa na shughuli nyingi.

Somo la kwanza lilifanyika chini, si juu ya tandiko. Mwalimu alimleta farasi dume wa Lusitano, aina ya farasi wa Ureno, mwenye umri wa miaka 17, akasimama mbele yake, akashika hatamu karibu kabisa na lijamu, kile chuma cha mdomoni, kisha akainua mikono polepole kuelekea juu, ili chuma kiguse pembe za midomo badala ya kuukandamiza ulimi. Hakuvuta. Alishikilia hivyo akisubiri, mpaka farasi akalegeza taya, ulimi ukacheza, akameza mate. Na papo hapo vidole vya mwalimu vikafunguka. Zoezi zima ni hilo, na kila mwanafunzi hulirudia kushoto na kulia hadi mkono wake ujue kuachia bila kuambiwa. Mwalimu alieleza kwamba ukakamavu hauishii mdomoni: farasi anayekaza taya hukaza na shingo, kutoka shingoni ukapita mgongoni, na miguu ya nyuma ikashindwa kuingia vizuri chini ya tumbo. Mazoezi ya namna hii yalipewa umbo na François Baucher, Mfaransa wa karne ya 19, ambaye pia alishikilia kwamba mkono na miguu ya mpandaji visitumike kwa pamoja, kwa sababu mnyama anayesukumwa na kuzuiwa kwa wakati mmoja hawezi kujua anatakiwa kufanya nini. Ni jambo la haki kabisa, na nashangaa kwamba shule nyingi bado zinafundisha kinyume chake.

Nilivutiwa pia na mkanda wa pua. Huko haukazwi kamwe. Vidole viwili lazima vipite kwa urahisi kati ya ngozi ya mkanda na mfupa wa pua, na mwalimu alikagua hilo mwenyewe kila asubuhi kabla ya mtu yeyote kupanda. Sababu yake ni nzito: farasi aliyefungwa mdomo hawezi kuonyesha kwamba mkono wa mpandaji unamuumiza, na mwanafunzi hubaki akidhani mambo ni shwari.

Juu ya tandiko, kazi kubwa ilikuwa zoezi ambalo François Robichon de La Guérinière, aliyepewa usimamizi wa shule ya farasi ya Tuileries mjini Paris mwaka 1730, aliliweka kuwa msingi wa mafunzo yote. Farasi hutembea kando ya ukuta huku mabega yake yakiwa yameletwa ndani kidogo, akiwa amejipinda kuuzunguka mguu wa ndani wa mpandaji, na mguu wake wa nyuma wa upande huo ukibeba uzito zaidi. Lilianza kwa mwendo wa kutembea, likafuata la mchakamchaka. Pindi farasi alipojipanga sawasawa tuliagizwa kushusha mikono na kuziacha hatamu zilegee kabisa. Akiendelea kwa mwendo uleule na shingo ileile, amejibeba mwenyewe. Akianguka mbele au kukimbia, basi alikuwa ameegemea mkono. Sijaona kipimo kilicho wazi kuliko hicho, maana hakimwachii mpandaji nafasi ya kujidanganya.

Malalamiko yangu makubwa ni kwamba shule hufundisha karibu wakati wote kwa farasi waliokwisha kufuzu. Dume yule alijibu hata pumzi ya mpandaji, na hilo ni darasa lisilo na mfano, lakini mwanafunzi anayerudi nyumbani kwa farasi mgumu wa mdomo anahitaji kujua njia ya kumfikisha huko. Nilipoomba, nilipewa nafasi ya kumshughulikia farasi mchanga wa miaka 4 nikiwa chini, si juu ya tandiko, nami nilijifunza mengi kwa muda mfupi. Ingefaa jambo hilo liwe sehemu ya ratiba badala ya kuwa hisani. Lugha nayo ni kikwazo: maelezo hutolewa kwa Kireno na Kifaransa, na Kiingereza ni cha kubabaisha. Ada iko juu, makumi ya euro kwa somo moja la mtu binafsi, ingawa malazi ni ya kawaida tu.

Anayetaka kukimbiza farasi ufukweni hatafurahi hapa, kwa kuwa saa nzima huweza kupita pasipo shoti hata moja. Kwa mwenye subira naipendekeza kwa moyo wote, na ningemshauri kabla ya kuanza apite Belém, Lisbon, kuwatazama wapandaji wa Escola Portuguesa de Arte Equestre, shule ya Ureno ya sanaa ya kupanda farasi iliyoanzishwa mwaka 1979, ili aone mapema kile atakachokuwa akikitafuta; sanaa hiyo ya Ureno iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2024. Unapoandika kuomba nafasi, taja uzito wako kwa ukweli, maana Lusitano si farasi mkubwa, kwa kawaida sentimita 155 hadi 160 begani, na omba mapema siku ya kufanya kazi na farasi mchanga.