Duka la mtandaoni: kupanga au kujenga lako?

Shopify, huduma inayokukodishia duka la mtandaoni, ni kama kupanga kibanda: mwenye jengo anafagia, taa na mlinzi ni juu yake. Wewe leta viatu tu. Lakini kodi ni ya kila mwezi, kwa dola, na ukipokea M-Pesa kupitia mfumo usio wao, wanakukata asilimia ya mauzo.

WooCommerce, programu ya kujijengea duka lako iliyoanza 2011, ni ya bure. Unalipia jina la tovuti na seva, yaani kompyuta inayoiweka mtandaoni. M-Pesa unaiunganisha kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na tovuti, mteja anaweka PIN kwenye simu yake, basi. Ila masasisho ni mzigo wako. Langu lilizima Ijumaa saa nne usiku, fundi hashiki simu, oda zimelala. Muuza mitumba wa Gikomba asiye na fundi, mimi ningemwambia apange Shopify kwanza.