Beleshi la matundu la stenlesi, baada ya miezi 7 majini

Beleshi langu la kwanza la kuchotea na kuchuja mchanga wa baharini, nikisaka pete na mikufu iliyopotea, lilinivunjikia maji yakiwa kiunoni na detekta, kile kifaa cha kunusa metali, ikilia vizuri kuliko siku zote. Lilikuwa la alumini, jepesi kama ungo, na kwa wepesi huo nilikuwa nimelisifu mpaka watu wakachoka kunisikiliza. Bakuli lilishikwa na mpini kwa bolti moja tu ya stenlesi. Alumini ikigusana na stenlesi ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Nilipoifungua ile bolti nyumbani, tundu lake lilikuwa limetanuka na kujaa unga mweupe. Yaani lilianza kufa siku nyingi, mimi nasifu tu.

Hili la sasa bakuli lake lote ni stenlesi ya daraja la 316, ile yenye molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, inayovumilia chumvi kuliko 304 ya kawaida. Bati lina unene wa milimita 2, mpini ni wa mti, na shingo ina bolti mbili badala ya moja. Kwa miezi 7 nimeona kutu mahali pamoja tu, kwenye mshono wa kuchomelea, ikatoka kwa kusugua. Nalisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila nikitoka.

Ila kilichonifanya nilichague ni matundu. Wengi hutazama ukubwa wa bakuli, matundu wakayaacha, na hapo ndipo mali inapopotelea. Haya yana kipenyo cha milimita 10. Pete ya mtu mzima haipiti hapo, hata ijipinde vipi. Yangekuwa ya milimita 15 au 16, mchanga ungetoka upesi kweli, lakini pete ya mtoto ingetoka nao, na mkufu mwembamba ungejipenyeza kama mnyoo. Mkufu wenyewe una hila zake: vipingili vyake ni vidogo mno, detekta mara nyingi husikia kidani au kifungo tu, kwa hiyo ukishateremka na mchanga, mlio wa kukurudisha pale ni hafifu. Kwa upande mwingine, niliwahi kuazima beleshi la matundu ya milimita 7. Vipande vya kombe viliziba nusu ya matundu, nikawa natikisa mpaka bega likaniuma. Milimita 10 ni mapatano. Hereni ndogo za kipini bado zinapita, na hilo nimelikubali.

Uzito ni zaidi kidogo ya kilo 2. Nchi kavu unachosha. Majini mambo yanageuka: beleshi jepesi hupeperushwa na mkondo kabla hujaligusisha chini, hili linashuka lilipoelekezwa. Na kushuka ni lazima, maana dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo, mchanga hata 3 haufiki. Pete haikai juu kukungoja. Inazama kila wimbi linapochokonoa, mpaka ikute tabaka gumu la udongo au makombe, na huko ndiko mdomo mkali wa bakuli unakotakiwa. Huu wa kwangu umechongoka katikati, unakata vizuri.

Lawama yangu ya kwanza ni kibao cha kukanyagia. Ni chembamba, vidole vinne tu, na kiatu cha maji kinateleza juu yake. Peku usithubutu kabisa. Ya pili, ukuta wa nyuma wa bakuli ni mfupi: ukiinua mzigo kwa pupa, nusu inamwagikia nyuma na maji yanafunika. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea akaongeza ukanda wa bati upana wa sentimita 4, na tangu hapo simwagi tena. Mtengenezaji angefanya hivyo mwenyewe tangu mwanzo.

Mpini wa mti sikuutilia maanani mwanzoni, sasa naupenda. Ukiliachia beleshi, bakuli linakaa chini na mpini unasimama wima kama boya, huna haja ya kupapasa. Kisha mti hauilizi detekta. Bakuli ndilo linalolia, tena kwa nguvu. Siku moja maji yamechafuka nilifuata mlio mkubwa hatua tatu nzima, kumbe nalivuta beleshi langu mwenyewe nyuma ya sahani ya detekta, ile duara ya chini inayonusa metali. Sasa nalichomeka mbali kabla ya kupima tena shimo.

Kwa anayetafuta kwenye mchanga mkavu peke yake, hili ni mzigo wa bure. Huko kichoteo kidogo cha plastiki kinalishinda: unapitisha sahani ya detekta juu ya kichoteo kikiwa bado na mchanga, na kama kuna kitu kitalia, maana plastiki yenyewe iko kimya. La stenlesi lazima umwage chini kwanza, uanze kusaka upya kizibo cha soda au chubwi ya mvuvi, ambavyo ndivyo utakavyopata mara nyingi.

Mimi natembea na vyote viwili. Cha plastiki kinaning'inia kiunoni, maji ya bamvua yakipwa mbali naanza nacho juu, halafu nashuka na la stenlesi mpaka mapajani.