Uzoefu wangu: miezi 18 na Home Assistant nyumbani Goba

Kwa sisi tunaoishi kwenye miinuko ya Goba, Dar es Salaam, nyumba janja inaanza na maji. Taa za kubadilika rangi ni nzuri, lakini kilichokuwa kinaninyima usingizi ni maji ya bombani yanayofika saa nane usiku, yanajaza tanki la chini, halafu lazima mtu aamke awashe pampu ili simtank ya juu ipate. Ukipitiwa na usingizi kabla ya kuiwasha, asubuhi watoto wanaoga kwa kikombe. Ukipitiwa baada ya kuiwasha, maji yanabubujika mnarani hadi kwa jirani.

Leo kazi hiyo inafanywa na Home Assistant, nami nalala. Ni programu huria, haiuzwi. Paulus Schoutsen aliianzisha mwaka 2013, na tangu 2024 iko mikononi mwa Open Home Foundation. Unaipakia kwenye kompyuta ndogo, mimi natumia Raspberry Pi 4, inakaa hapo hapo ndani na kuunganisha vifaa vya kampuni tofauti ambavyo peke yao visingesalimiana.

Nilifika kwake baada ya kuumia. Nilipokuwa nimepanga Sinza nilinunua balbu za wifi zinazoendeshwa kwa simu. Kila amri ilikuwa inasafiri hadi kwenye seva ya mtengenezaji, nje ya nchi, kisha inarudi. Bando likiisha, taa ya barazani haiwaki. Na Mama, ambaye ninaishi naye na sasa ana miaka 71, alikuwa anazima taa ukutani kama alivyozoea maisha yake yote, basi balbu inakosa umeme na simu haiioni tena. Nilijikuta namwambia mama yangu mzazi asiguse swichi ndani ya nyumba anayoishi. Iliniuma sana. Nilipoanza kujenga nikaweka sharti: swichi ya ukutani itabaki swichi, na kila kitu kiendelee kufanya kazi hata intaneti isipokuwepo. Sharti hilo ndilo lililoamua karibu kila nilichonunua na nilichokiacha dukani.

Sasa, ukitaka swichi ibaki swichi, huweki akili kwenye balbu, unaiweka nyuma ya swichi. Kuna rilei ndogo, yaani swichi inayoweza kuamriwa kwa mtandao, upana wake kama wa kiberiti, inajificha ndani ya boksi la ukutani. Mama akibonyeza, taa inawaka. Simu ikiamuru, taa inawaka. Wifi ikifa, Mama bado anabonyeza na taa bado inawaka. Ila rilei hiyo inataka waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, na hapa ndipo wengi wanapokwama kwa sababu wanaligundua hilo nyumba ikiwa imeshapakwa rangi.

Fundi wangu wa umeme ni mtu makini. Nilipomwambia nataka nyutro ishuke kwenye kila boksi la swichi, alisimama akanitazama.

“Dada, swichi inakata laivu tu. Nyutro inaenda kwenye taa. Huku chini utaiweka ya nini?”

Alichosema ni sahihi, na ndivyo nyumba zetu nyingi zilivyofungwa: laivu, waya unaoleta umeme, inashuka kwenye swichi, inapanda tena kwenye taa, nyutro inabaki darini. Nilichukua kipande cha mkaa nikamchorea kwenye tofali. Rilei ni kakompyuta, inakula umeme muda wote hata taa ikiwa imezimwa, na bila nyutro mzunguko wake haukamiliki. Zipo zinazojiibia umeme kupitia taa yenyewe, lakini ukiwa na balbu ya LED ya wati 5 unaweza kuiona inapepesa usiku kucha mpaka uongeze kifaa kingine kwenye taa. Fundi alitazama mchoro, akauliza swichi ziko ngapi. Kumi na nne. “Basi leta rola moja zaidi ya moja nukta tano.” Ndivyo tulivyomaliza. Rola moja ya waya.

Kina cha boksi nacho kiangalie. Lile la milimita 25 linalouzwa kila duka la vifaa vya umeme linabana mno ukishaweka rilei na waya zake. Tafuta la 35, au 47 kama ukuta unaruhusu. Na kabla plasta haijapigwa nilipiga picha kila ukuta, futikamba ikiwa imeegemezwa juu yake ili vipimo vionekane. Picha hizo nimeshazifungua mara sita, mara ya mwisho juzi tulipokuwa tunatoboa ukuta wa jikoni.

Rilei nilizoweka ni za Shelly, kwa sababu zinapokea amri kwenye mtandao wa ndani bila kukulazimisha kufungua akaunti popote. Niliweka tisa. Swichi tano zilizobaki zina nyutro imekunjwa ndani ya boksi, inasubiri siku yake.

Vihisi vya milango na vya mwendo nilivitafuta vya Zigbee, mtandao wa redio unaotumia umeme kidogo. Sababu ni betri: kihisi cha wifi kinakula betri haraka, cha Zigbee kinaishi muda mrefu kwa betri moja ya duara kama ya saa. Kingine ni kwamba vifaa vya Zigbee vilivyochomekwa kwenye umeme vinapokezana ujumbe, kimoja kinampa mwenzake. Vile vya betri havipokezani, na hilo sikulizingatia. Kihisi cha geti kilikuwa kinapotea kila siku, mita kama 25 kutoka sebuleni na kuta tatu za tofali katikati. Nilipochomeka soketi janja ya Zigbee barazani, ikawa daraja, tatizo likaisha siku ile ile. Pia usichomeke kipokezi cha Zigbee moja kwa moja kwenye tundu la USB 3, maana matundu hayo hutoa kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz, waya wa kurefushia wa mita moja unatosha kukisogeza mbali. Chagua na chaneli mapema. Wifi yangu iko chaneli 1, Zigbee nimeiweka 25, hazigusani. Ukibadilisha chaneli baadaye, kuna vifaa utalazimika kuviunganisha upya kimoja kimoja.

Turudi kwenye maji.

Juu ya tanki la lita 2,000 nimefunga kihisi cha mawimbi ya sauti, JSN-SR04T, kisichoingia maji. Kinatuma mlio usiosikika, unagonga uso wa maji na kurudi, nacho kinapima muda uliotumika. Kimeunganishwa na kibao kidogo cha kielektroniki chenye wifi, ESP32, na programu yake niliiandika kwa ESPHome, zana ya kuunganisha vibao kama hivyo na Home Assistant, mistari isiyofika arobaini. Tanki langu lina kina cha maji cha sentimita 140, kwa hiyo kila sentimita ni kama lita 14. Kwenye simu naona namba: lita 1,260. Inatosha kujua kama leo tunafua au hatufui.

Wiki ya kwanza kilinidanganya. Kihisi hiki hakioni kitu kilicho karibu nacho, sentimita kama 20 hadi 25 za mwanzo. Tanki lilipokaribia kujaa, maji yaliingia kwenye eneo hilo, kipimo kikaruka kutoka asilimia 94 hadi 31, pampu ikaendelea kusukuma na maji yakamwagika. Niliamka kwa sauti ya maji yakipiga bati la banda la kuku. Kesho yake nilikata kipande cha bomba la inchi 4, nikakipachika kwenye mfuniko, kihisi kikapanda juu yake. Na chini ya hapo nikafunga boya la umeme lile la kawaida, la kebo nyeusi, ambalo maji yakifika juu linakata mkondo wa pampu lenyewe, programu ipende isipende. Nakusihi sana usiliache boya hilo. Kihisi kinaweza kukosea, programu inaweza kukwama, boya linaelea tu.

Pampu ni ya farasi moja. Rilei haiibebi moja kwa moja, kwa sababu mota ikianza kuzunguka inavuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida na kuunguza midomo ya rilei. Rilei inaamuru kontakta, swichi kubwa ya sumaku, na kontakta ndiyo inayobeba pampu. Pembeni kuna kipimo cha umeme, PZEM-004T, na hiki ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote ndani ya nyumba hii. Pampu ikiwa na maji inakula kama wati 900. Tanki la chini likikauka, inazunguka bila mzigo na wati zinashuka chini ya 600. Home Assistant ikiona wati ziko chini ya 650 kwa sekunde 20, inaizima na kunitumia ujumbe: “Tanki la chini limekauka, pampu imezimwa.” Ujumbe wote nimeuandika kwa Kiswahili, na Mama anaupata kwenye simu yake pia. Umeme ukiwa chini ya volti 190 pampu haiwashwi kabisa, maana mota inayosukuma kwa umeme dhaifu inachemka. Nilishaunguza pampu moja kwa njia hiyo kwenye nyumba ya kupanga na sitaki kununua nyingine.

Kipimo kama hicho nimeweka na kwenye meinswichi, baada ya mita ya LUKU; mita yenyewe haiguswi. Ndani ya siku mbili kilinionyesha hita ya bafuni ilivyokuwa inaachwa ikiwaka mchana kutwa. Sasa inajizima baada ya dakika 40. Uniti zilizokuwa zinanifikisha siku 18 sasa zinafika 24.

Mwezi wa nne mfumo ulikufa. Umeme ulikatika na kurudi mara tatu jioni moja, na kadi ya kumbukumbu iliyobeba kila kitu ikaharibika. Kadi hizi hazipendi kukatiwa umeme zikiwa zinaandika, na Home Assistant inaandika muda wote. Sikuwa na nakala rudufu. Kuanzia taa, vihisi, hadi kanuni za pampu, nilianza upya, na kwa kuwa nina kazi ya mchana ilinichukua siku tisa. Nilichokuja kukitambua siku ya sita, nikiwa nimekaa sakafuni na kompyuta mapajani, ni kwamba Mama alikuwa hajauliza chochote. Alikuwa anawasha na kuzima taa zake kama kawaida. Pampu alikuwa anaiwasha kwa swichi ya mkono niliyoiacha makusudi karibu na mlango wa jikoni. Nilimwambia mfumo haufanyi kazi wiki nzima. Akasema, “Mbona taa zinawaka?” Nilishusha pumzi. Lile sharti nililoliweka wakati wa msingi lilikuwa limesimama.

Siku hizi natumia SSD, diski imara zaidi, badala ya kadi, nakala rudufu inajitengeneza kila usiku na kuhifadhiwa kwenye kompyuta nyingine, na betri ndogo inashikilia rauta na Raspberry Pi umeme ukikatika. Fanya hayo matatu kabla hujafunga hata balbu moja.

Gharama yangu yote, bila waya na ufundi, ilifika kama shilingi milioni 1.3, na sikuilipa kwa mkupuo. Nilikuwa nanunua kila mshahara ukiingia. Gharama ya muda ni kubwa zaidi. Maelezo mengi yako kwa Kiingereza, matoleo mapya yanatoka kila mwezi, na mimi huwa nasoma kilichobadilika kabla ya kusasisha. Mtu asiyetaka kusoma kabisa, nitamwambia abaki na boya na kontakta, atapata nusu ya faida kwa kiasi kidogo sana cha fedha. Lakini mwenye subira ya jioni mbili tatu kwa wiki ataweza. Mimi ni mhasibu, sijasomea umeme wala kompyuta, na kazi zote za waya za volti 230 alizifanya fundi, si mimi.

Kamera nimeweka mbili, zote zinatazama nje. Ndani sitaki.

Jirani wa ng’ambo ya barabara anajenga, ameshapaua. Wiki iliyopita aliniuliza anunue taa za aina gani. Nilimtumia picha ya ukuta wangu wa sebuleni, ile yenye futikamba, waya tatu zikitoka kwenye boksi. Jumamosi tunakwenda kwake na fundi yule yule kuhesabu swichi, kwa sababu mpiga plasta anaanza Jumatatu.