Ukoka wa Pemba kwenye udongo wa mfinyanzi, Mikindani

Kwetu Mikindani, Mombasa, udongo ni mfinyanzi mtupu. Masika unaganda kwenye kandambili mpaka mguu unakuwa mzito. Ikifika Januari umepasuka nyufa za kuingia kidole. Mara ya kwanza niliambiwa dawa yake ni mchanga. Nikanunua lori zima, tukachanganya kwa jembe, pakakauka kama zege na nyasi zikafa. Mfinyanzi ulijaza nafasi zote kati ya punje za mchanga, maji yakakosa pa kupita.

Safari hii nilimwendea mzee mwenye kitalu kando ya barabara. Nilitaka nyasi tu. Akaniambia, "Mwanangu, nyasi sikuuzii leo. Kachimbe shimo la futi moja, ulijaze maji, kesho uniambie yameendaje." Asubuhi maji yalikuwa bado yamo. Basi akaniuzia kwanza samadi ya mbuzi iliyooza, magunia makubwa 30 kwa uwanja wa mita 6 kwa 8, pamoja na vijana wawili wa kazi. Walingoja udongo upungue maji, usigande kwenye jembe. Wakatandaza samadi kimo cha vidole vitatu, wakaichanganya na udongo hadi kina cha shibiri, kisha wakainamisha uwanja kidogo kuelekea mtaroni.

Magunia matatu yalikuwa mabichi, yananuka. Mzee akayabadilisha bila maneno.

Nyasi ni zile za Pemba, za majani mapana. Zilipandwa mwanzoni mwa Aprili, na Agosti zilikuwa zimefunika uwanja. Kiangazi namwagilia mara mbili kwa wiki: namwaga nusu, nangoja yanywewe, namalizia. Maji ya mkokoteni si ya kuachia yatiririke. Udongo ukiwa umelowa watoto hawachezi hapo, maana kukanyaga kunaushindilia upya.

Kule Bamburi, mahali ambapo sasa ni bustani ya Haller Park, machimbo ya mawe ya simiti yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na jongoo ndio waliosaga majani ya mivinje yakawa udongo. Kwangu kazi hiyo wanaifanya nyungunyungu; juzi nilichimba kidogo nikawakuta watano mahali ambapo zamani jembe lilikuwa likidunda.

Nyuma ya nyumba kimebaki kipande chenye mchanga wa lile lori. Nimeshamwagiza mzee magunia kumi.