Skrini inazima katikati ya gemu? Sikiliza sauti kabla hujanunua kadi mpya

Karibuni tena, wadau. Leo mezani nina waya wa DisplayPort, yaani waya wa kupeleka picha kutoka kompyuta hadi skrini, wa mita 2 wenye alama ya DP8K. Nauchambua kwa sababu moja: kuna watu wanauza kadi ya grafiki nzima kabisa kwa kosa la waya. Unacheza, mechi imenoga, ghafla skrini inakuwa nyeusi. Unaambiwa kadi imekufa. Subiri kwanza.

Siku skrini ikizima, usikimbilie kitufe cha kuzimia kompyuta. Sikiliza. Kama milio ya gemu inaendelea, na picha inarudi baada ya sekunde moja au mbili, basi kompyuta haikuacha kazi hata kidogo. Kilichokatika ni njia ya picha kati ya kadi na skrini. Kiza kikidumu, bonyeza kitufe cha menyu cha skrini yenyewe. Menyu ikitokea, ujue kioo kizima, ila hakipokei kitu. Isipotokea, zima taa za chumbani umulike kioo kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, taa ya ndani ya skrini ndiyo iliyokufa, na hapo waya huu hautakusaidia.

Sasa mbona inakata kwenye gemu tu, ukitazama video imetulia? Chukua skrini ya 2560 kwa 1440. Ikionyesha picha 60 kwa sekunde, data ya picha peke yake ni gigabiti 5.3 kila sekunde. Ipandishe hadi picha 165, unavuka gigabiti 14. Wengi wameiacha Windows kwenye 60, halafu gemu ikifunguka ndiyo inadai 165. Na FreeSync au G-Sync, zile teknolojia za kulinganisha kasi ya skrini na ya kadi, mara nyingi nazo huamka gemu likishajaa skrini nzima. Waya dhaifu uliobeba mzigo mdogo mchana kutwa, hapo ndipo unaposhindwa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, weka gemu na Windows vyote kwenye picha 60 kwa sekunde, zima FreeSync au G-Sync, kisha cheza. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja. Utakiona kinachoikata.

Tuje kwenye waya wenyewe. Alama ya DP8K inatolewa chini ya VESA, shirika linalosimamia viwango vya DisplayPort, na maana yake umepimwa kupitisha gigabiti 32.4 kwa sekunde. Kwa skrini niliyoitaja, nafasi inabaki tele. Tazameni kichwa chake hapa: kuna ndoano mbili ndogo za chuma zinazong'ata tundu, hautoki mpaka ubonyeze. Kwenye meza inayotikisika ukigonga kibodi, hilo nalithamini sana. Nisichokipenda ni ugumu wake. Meza ikiwa imebanwa ukutani unakunjika kwa nguvu na kulielemea tundu la kadi, kwa hiyo uachieni nafasi nyuma.

Kuna jambo jingine wauzaji hawalisemi. DisplayPort ina pini 20, na ile ya 20 ni ya umeme wa volti 3.3. Kwenye waya wa kawaida haitakiwi kuunganishwa huku na huku. Nyaya za ovyo zinaiunganisha, basi umeme wa skrini unarudi kinyumenyume kwenye kadi. Kompyuta umeizima lakini taa ya kadi inawaka, au kompyuta inagoma kuwaka mpaka uchomoe skrini? Shuku waya. Fundi mwenye multimita, kile kipimo cha umeme, apime pini ya 20 ya kichwa hiki na ya kichwa kile; multimita ikilia, pini zimeunganishwa, usiutumie waya huo.

Kama sauti inakwama na kujirudia, kisha gemu linafungika, hiyo ni dreva (programu inayoiendesha kadi) au kadi yenyewe. Windows huipa kadi sekunde 2 kujibu. Isipojibu, inaianzisha dreva upya. Fungua Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, utafute tukio namba 4101. Ondoa dreva yote kwa programu ya Display Driver Uninstaller, weka nyingine safi, na kama kadi imeongezwa kasi, irudishe ya kiwandani.

Lakini kompyuta ikijizima au kujiwasha upya yenyewe, hapo naanza na pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Hili linawahusu sana mnaonunua kompyuta za ofisini za mtumba, pale Kariakoo au Luthuli, kisha mkapachika kadi ya gemu. Tundu la kadi kwenye ubao mama linatoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi inahitaji waya wake, na ule wa pini 8 ni wa wati 150. Pawa saplai nyingi za mashine hizo hazina waya huo, na watu wanaunga kwa adapta ya SATA, yaani wanachukua umeme wa waya wa diski. Naomba msifanye hivyo. Kiunganishi cha SATA hakikutengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo. Kinapata moto mpaka plastiki inayeyuka.

Hukumu yangu juu ya waya huu: kama sauti inaendelea na picha inakatika, na ukishusha hadi 60 inatulia, nunua, na usizidishe mita 2. Msilipie maneno ya dhahabu kwenye boksi, tafuteni alama ya DP8K. Kama kompyuta inajizima, hela hiyo iwekeni kwenye pawa saplai.