Uzoefu wangu na kontrola yenye tachipadi na jairo: je, inatosha kuondoa padi, kipanya na kibodi?

Nilinunua kontrola hii kwa sababu nilikuwa nimechoka kubadilisha vifaa kila ninapobadilisha gemu. Padi ya kawaida ilikuwa ya mpira, magari na gemu za kupigana. Kipanya na kibodi vilikuwa vya gemu za bunduki na za mikakati. Waliotengeneza hii wanadai kwamba ukiwa nayo mkononi unaweza kuviweka vyote hivyo kabatini. Hilo ni dai kubwa, na sasa nimeitumia vya kutosha kulijibu. Jina la kampuni naliacha. Aina hii ya kontrola haitengenezwi na mtu mmoja, na mengi nitakayosema yanahusu aina yenyewe.

Kwa kuiangalia tu, ni padi ya kawaida iliyonenepa kidogo. Ina vijiti viwili, msalaba wa mielekeo, vitufe vinne vya kidole gumba cha kulia, triga mbili juu na vitufe vinne mgongoni. Tofauti iko chini ya vijiti, ambapo kila upande una tachipadi ndogo ya mraba, yaani sehemu bapa inayosoma mguso wa kidole, na iko ndani, ambapo kuna jairo, kihisi kinachojua unavyoizungusha mikononi hata kwa nyuzi chache.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya gemu ya Valve waliitangaza kontrola yao, Steam Controller, mwaka 2013 na kuiingiza sokoni Novemba 2015, ikiwa na tachipadi mbili za duara na kijiti kimoja tu. Uzalishaji ukasitishwa mwaka 2019. Tachipadi zikarudi Februari 2022 kwenye Steam Deck, kompyuta yao ya gemu ya kushika mkononi, safari hii zikiwa pamoja na vijiti viwili kamili. Kulenga kwa kuzungusha kontrola nako kulishazoeleka kwa waliocheza gemu ya Splatoon tangu 2015. Vipande vyote vilikuwepo, basi, na swali langu lilikuwa kama vikikutanishwa sehemu moja vinafanya kazi ya kipanya kweli.

Ili kulijibu inabidi kwanza tuelewane kwa nini kipanya kina nguvu kiasi hicho. Ukisogeza kipanya sentimita mbili, kamera ya gemu inageuka kwa kiasi kinacholingana na hizo sentimita mbili, kisha inasimama. Mkono ukisimama, kamera imesimama. Kijiti hakiko hivyo. Ukikisukuma unaiambia kamera igeuke kwa kasi fulani na iendelee hivyo mpaka uachie. Maana yake, anayelenga kwa kijiti anakadiria muda: asukume kwa nguvu gani, na aachie saa ngapi. Anayelenga kwa kipanya anaonyesha mahali, basi. Ndiyo sababu gemu nyingi za bunduki huwapa wenye padi msaada wa kulenga, ambapo kamera hupunguza kasi yenyewe alama ya kulengea iliyo katikati ya skrini ikimkaribia adui. Na ndiyo sababu mwaka 1997 Dennis Fong, aliyejulikana kama Thresh, aliposhinda mashindano ya gemu ya bunduki ya Quake na kuondoka na Ferrari ya John Carmack, mmoja wa waundaji wa gemu hiyo, wachezaji wengi walianza kuiga mpangilio wake wa kipanya mkono wa kulia na vitufe vya kutembea W, A, S, D mkono wa kushoto. Mpangilio huo haujang'olewa mpaka leo.

Nilianza na tachipadi ya kulia, nikiitumia kama kipanya. Hapa niseme wazi: peke yake haitoshi. Kidole gumba kina nafasi ndogo mno ya kuteleza. Ukitaka kugeuka nyuma haraka unapangusa mara mbili au tatu, na kila unapoinua kidole unapoteza mwendo. Kuna mpangilio unaoifanya iwe kama mpira unaozunguka, yaani ukipangusa kwa nguvu na kuachia, kamera inaendelea kugeuka na kupungua kasi taratibu hadi uiguse tena isimame. Unapendeza sana, na mitetemo midogo chini ya kidole inakufanya uhisi kana kwamba kitu halisi kinaviringika humo ndani. Lakini kuweka alama juu ya kichwa cha adui anayekimbia kwa kidole gumba peke yake ni kazi ambayo kidole hicho hakikuumbiwa.

Mambo yalibadilika nilipowasha jairo. Jairo, kama kipanya, huonyesha mahali. Ukizungusha mikono nyuzi tano, kamera inageuka kwa kiasi kinacholingana, ukisimama imesimama. Hakuna kukadiria muda. Niliiweka iamke pale tu kidole kinapogusa kijiti cha kulia, ili nisihangaike nikikohoa au nikijipanga vizuri kwenye kiti. Kijiti kinafanya mageuzi makubwa, mikono inamalizia sehemu ndogo iliyobaki.

Mfano ulionishawishi ni gemu ya Horizon Zero Dawn. Mle ndani kuna mashine zinazofanana na swala, Grazer, zenye makopo ya Blaze, kimiminika kinachowaka, mgongoni, na kazi nzuri ni kulipiga kopo lenyewe wakati mnyama anageuka kukimbia. Kwa kijiti tupu nilikuwa nalipita kopo kushoto, narudi nalipita kulia, na mshale unaishia kwenye nyasi. Kwa jairo navuta upinde, kijiti kinanifikisha karibu na mgongo, halafu viganja vinainuka kidogo tu, kama mtu anayeinamisha kikombe kuona kilichobaki, na alama inakaa juu ya kopo. Naachia. Baada ya kulizoea hilo, kurudi kwenye kijiti pekee kulinikera, na bado kunanikera.

Kuna mbinu nyingine inayostahili kutajwa, nayo ni flick stick, aliyoibuni mtengenezaji wa gemu Jibb Smart. Unasukuma kijiti cha kulia upande wowote na kamera inaruka papo hapo kutazama upande huo. Ukikivuta nyuma, umegeuka nyuma. Jairo inabaki na kazi ya kulenga kwa usahihi. Gemu ya bunduki ya Fortnite iliipokea mbinu hii mwaka 2022. Inachukua muda kuingia mikononi, maana kijiti kinaacha kabisa kuangalia juu na chini, lakini ndiyo njia pekee niliyoiona ya kugeuka nyuzi 180 kwa kontrola kwa haraka inayokaribia kipanya.

Kwa hiyo, kwa gemu za bunduki za mchezaji mmoja, au za kucheza na marafiki dhidi ya kompyuta, kipanya changu hakina kazi tena, na nasema hivyo kwa furaha. Nakaa nimeegemea kiti, mabega yamelegea, kifundo cha mkono hakiumi. Kwa gemu ya mashindano kama Counter-Strike 2 dhidi ya watu wenye kipanya, hapana. Mkono mzima unaosogeza kipanya juu ya mkeka mpana una nafasi kubwa ya kwenda haraka na nafasi ya kwenda polepole kwa wakati mmoja. Viganja vikizungusha kontrola vina mwisho wake, kwani ukishazidisha nyuzi fulani huioni skrini vizuri au mikono imejikunja. Na ukiipanga kontrola ionekane kwenye gemu kama kipanya, ule msaada wa kulenga wa wenye padi unaukosa. Unakwenda vitani mbele ya watu wenye kifaa bora, bila fidia.

Hapo tunafika kwenye kero kubwa kuliko zote, nayo haitokani na kontrola. Gemu nyingi za Windows huzisoma padi kupitia XInput, mfumo wa Microsoft wa tangu 2005, na XInput haina nafasi ya jairo wala tachipadi. Njia ya kuzunguka hilo ni kuifanya kontrola ijifanye vitu viwili: kijiti cha kushoto kinaonekana kama padi, jairo inaonekana kama kipanya. Gemu nyingine zinakubali bila tatizo. Nyingine zinachanganyikiwa: maelekezo kwenye skrini yanapepesa, mara yanaonyesha kitufe A, mara yanaonyesha herufi E, mara A tena, kila mikono inapotikisika. Mbaya zaidi ni zile ambazo kipanya kikisogea kidogo tu zinaacha kusoma kijiti, na mhusika wako anasimama katikati ya barabara huku anapigwa. Suluhisho ni kuipanga kontrola yote iwe kipanya na kibodi, na hapo unapoteza kutembea polepole kwa kukisukuma kijiti nusu, maana W ama imebonyezwa ama haijabonyezwa. Kabla ya kununua, chunguza gemu unazozipenda zinashughulikiaje mchanganyiko huu. Ni muhimu kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Gemu za mikakati zilinishangaza kwa uzuri. Civilization VI naicheza yote kwa kontrola, tachipadi ya kulia ikisogeza mshale na ile ya kushoto ikifungua menyu ya duara yenye amri ninazozitumia mara kwa mara. Hakuna anayenikimbiza, zamu ni yangu, na mshale unafika kwenye kigae ninachokitaka. StarCraft II, ambayo haina zamu, ni habari nyingine. Wachezaji wa juu hufanya vitendo zaidi ya 300 kwa dakika, wakirukia vikosi kwa namba na kuchora maboksi ya kuchagua askari bila kupumua. Sikuweza hata kusimamia kambi mbili kwa pamoja, na sidhani kuna mpangilio utakaolibadilisha hilo.

Hiyo inatupeleka kwenye kibodi, na nadhani wengi huiruka sehemu hii wakibishana kuhusu kulenga tu. Kibodi kamili ya mpangilio wa Marekani ina vitufe 104. Kontrola hii, ukihesabu kila kinachobonyezeka, haifikii hata theluthi ya hapo. Programu yake inajitahidi: kitufe kimoja kinaweza kuwa na kazi moja kikiguswa haraka na nyingine kikishikiliwa, na kitufe cha nyuma kinaweza kubadilisha maana ya vingine vyote. Kwa gemu yenye amri ishirini inatosha kabisa. Kwa gemu ya kurusha ndege yenye kitufe cha magurudumu, cha taa, cha rada na cha kila swichi, unaishia kukariri tabaka juu ya tabaka. Kuandika nako kupo: kibodi inatokea kwenye skrini na kila kidole gumba kinashughulikia nusu yake kupitia tachipadi. Kwa neno la siri au jina la mhusika, sawa. Kwa kumwambia mwenzako adui yuko wapi kabla hajauawa, tumia maikrofoni.

Na padi je? Hapa nilitarajia ushindi wa moja kwa moja, na sikuupata. Kwenye mpira na magari haina tofauti na padi nyingine, mikono haikumbuki hata kwamba kuna tachipadi. Kwenye Street Fighter 6 inaniangusha. Msalaba wake ni laini kupita kiasi na pembe zinaingiliana, nikitaka chini tupu napata chini-mbele, na kwenye gemu ya kupigana hilo ni pigo tofauti kabisa. Padi yangu ya zamani imebaki kwa ajili hiyo. Tachipadi nazo zimesukuma vijiti kwenda juu kidogo, kwa hiyo mwenye vidole vifupi aishike kwanza kabla ya kulipa.

Betri sina malalamiko nayo. Mitetemo ya tachipadi inasikika usiku chumba kikiwa kimya, lakini inapunguzwa kwenye mipangilio. Vijiti ni vya sumaku, havina ule msuguano wa ndani unaofanya vijiti vya kawaida vianze kujivuta vyenyewe baada ya matumizi mengi. Jairo ikianza kutambaa yenyewe, iweke kontrola mezani bila kuigusa na uchague kusawazisha. Inachukua sekunde chache.

Ukiamua kuichukua, usianze na mipangilio ya watu wengine yenye tabaka nyingi. Chukua gemu moja ya mchezaji mmoja unayoijua vizuri, iache padi ilivyo, kisha ongeza jairo tu, iamke ukigusa kijiti cha kulia au ukivuta triga ya kulenga. Wepesi wake uwe mdogo mwanzoni, mikono ikizungushwa kidogo alama isogee kidogo, halafu uupandishe polepole kadiri viganja vinavyozoea. Vitufe vya nyuma vipe kuruka na kupakia risasi, ili kidole gumba cha kulia kisilazimike kuondoka kwenye kijiti wakati unalenga. Tachipadi ziache kwa ajili ya menyu na ramani mpaka hayo mengine yawe yamekaa mikononi.